Mzinga Mtupu Husubiri Maua

Mfugaji wa nyuki wa Unyamwezi hafugi kama sisi tunavyofuga kuku. Huchukua gogo, akalipasua kwa urefu, akalikomba ndani mpaka libaki ganda, kisha akazifunga tena pande zake mbili. Hupaka nta kidogo mlangoni ili linukie, hulitundika juu mtini na kwenda zake. Nyuki watakuja wenyewe. Msimu ukiwa mzuri watajaza masega, na maua yakikauka huenda wakahama wote, mzinga ukabaki mtupu kama ulivyotundikwa.

Kwa hiyo kazi kubwa haikuwa kuchonga mzinga. Ilikuwa kujua lini utundikwe, na jambo hilo lilisomwa kwenye miti. Karibu na mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijadondoka, mitundu na miyombo huvaa majani mekundu na kuchanua wakati ardhi bado imekauka kabisa. Hapo ndipo hupatikana asali ya kwanza, ile ndogo, kuelekea mwisho wa mwaka. Kisha mvua zinashuka, na hapa wageni wengi hukosea: wanadhani kijani kibichi cha Januari ni neema kwa nyuki. Majani yapo, maua ni haba, na mvua inawafungia ndani. Ni miezi ya njaa. Neema hurudi mvua zinapoelekea ukingoni, miti ya muba inapochanua. Asali yake hurinwa kuanzia Mei na kuendelea katikati ya kiangazi, na ndiyo iliyoijengea Tabora jina.

Desturi hii ni ya zamani. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857 kwa njia ya misafara kutoka pwani, mizinga ya magogo ilikuwa imening'inia mitini, naye akaiandika kwa jina lake la Kiswahili. (Neno hilohilo tulizipa pia bunduki kubwa za vita, nadhani kwa sababu ya umbo, ingawa aliyewahi kushambuliwa na nyuki wa miombo anaweza kutoa sababu nyingine.) Sehemu kubwa ya pori lile ilitawaliwa na mbung'o, ng'ombe hawakustawi, na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa mizinga. Asali ililiwa, ikauzwa, na nyingine ikageuka wanzuki, pombe ambayo bila yake sherehe nyingi hazikutimia.

Nta ndiyo iliyowavuta wenye meli. Ulaya iliitaka kwa mishumaa na dawa za kung'arishia, na chini ya Wajerumani ikawa miongoni mwa mazao yaliyosafirishwa kutoka koloni. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo uliobebwa kwa mabega miaka yote ukapata behewa. Waingereza walipochukua nchi waliwakusanya watu wa magharibi katika makazi ya pamoja kwa hofu ya malale. Mizinga ikabaki mbali porini, na mrinaji akalazimika kukaa kambini wiki nyingi, mbali na nyumba yake.

Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika iliunda kitengo cha ufugaji nyuki, na Tabora ikawa kitovu chake. Kutoka hapo nyuki wetu walisafiri mbali kuliko asali yao. Mwaka 1956 mwanasayansi Mbrazili, Warwick Kerr, alichukua malkia wa Kiafrika, wengi kutoka Afrika Kusini lakini pia kutoka Tabora, akitumaini kupata nyuki wanaozalisha zaidi katika joto la kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, huko Brazili. Wajukuu wao walisambaa Amerika ya Kusini na ya Kati, wakaingia Marekani mwaka 1990, wakipewa jina la nyuki wauaji. Huku kwetu wanaitwa nyuki tu.

Huku nyumbani, kilichokuwa kikipungua ni maua. Sehemu ya lawama ni yetu. Mizinga mingine ni ya magome, na gome lake huchunwa kwenye mtundu au muba ulio hai, na mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa. Yaani tulikuwa tunamuua mlishaji ili tumjengee nyuki nyumba. Sehemu kubwa zaidi ilikuja na trekta. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka pori Urambo, na karanga zilipowashinda, tumbaku ikashika nafasi yake. Tumbaku ya kukaushwa kwa moto hula msitu mara mbili, kwanza kwa shamba, halafu kwa kuni.

Sheria ya mwaka 2002 iliruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki, na mizinga ya sanduku, inayokaa kimo cha kiuno, imewaingiza wanawake katika kazi iliyokuwa ya wapanda miti. Yote ni mema. Ila sanduku halina mbochi. Nimeona mizinga mizuri, imepakwa rangi, imepangwa mstari mahali ambapo hapachanui kitu, na mwenye nayo anashangaa kwa nini nyuki hawaji.

Ndiyo maana siku hizi mfugaji anapanda, jambo ambalo babu yake hakuwa na haja nalo. Wengine huweka mikaratusi au migrivea, wengine michungwa. Kosa ninaloliona ni kuchagua mti kwa sifa zake bila kuuliza unachanua mwezi gani. Palipobaki miombo, Oktoba haihitaji msaada. Pengo liko katikati ya masika, na hapo mmea wa mwaka mmoja unaweza kushinda mti. Alizeti iliyopandwa mwishoni mwa Desemba hufungua maua yake takriban miezi miwili baadaye, muba ukiwa bado haujaanza. Wakulima wa Singida wanaipanda kwa mafuta, na mbegu zake hujaa vizuri zaidi nyuki wakiitembelea. Lililobaki ni kuzungumza na jirani mwenye shamba, asogezewe mizinga kabla vichwa havijafunguka, na kama lazima anyunyize dawa, asubiri jioni nyuki wakisharudi ndani.