Siku neno "mkimbizi" lilipokuwa tusi ku televisheni



Neno "mkimbizi" tunalijua. Wengi wenu mlilibeba miaka mingi ku kadi ya chakula, na hata leo mko kwenu, kuna majirani wanaowaita vile. Mwaka 2005 neno hilo lilileta ugomvi mkubwa Marekani, na ule ugomvi unatuhusu.

Tarehe 29 Agosti, tufani Katrina ilipiga Louisiana. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, karibu 80% ya mji wa New Orleans ikafunikwa. Kati ya wakaaji watatu, wawili walikuwa Weusi. Wenye gari wengi walikwisha kutoka. Maskini walibaki, wakajazana mu uwanja wa Superdome na mu jumba la mikutano, siku kadhaa, chakula na maji vikiwa shida.

Televisheni zikawaita wakimbizi. Weusi wengi walikasirika, mchungaji Jesse Jackson kati yao: mtu anakuwaje mkimbizi ndani ya inchi yake mwenyewe? Rais Bush naye akasema hawa ni Wamarekani, si wakimbizi. Gazeti la Washington Post likaliacha neno. Kwa sheria walikuwa na haki, maana Mkataba wa 1951 unamuhesabu aliyevuka mpaka. Lakini hapo mimi nakwama kidogo. Kama kwao ni tusi, sisi tuliloandikiwa ku karatasi tuliitwa nini?

Neno lilikuwa jambo dogo kando ya habari zenyewe. Ku kamera ilisemwa kwamba watoto wanabakwa, kwamba watu wanafyatulia helikopta risasi, kwamba ndani ya Superdome maiti ni mamia. Meya na mkubwa wa polisi walirudia hayo mbele ya inchi nzima. Gavana akatangaza askari wenye bunduki tayari, wanaojua kuua. Kisha, mwisho wa Septemba, waandishi wa Times-Picayune, gazeti la pale pale, wakafuata hesabu: Superdome maiti sita, hakuna aliyeuawa na mwenzake. Ku jumba la mikutano wanne, na mmoja tu ndiye alidhaniwa kuuawa.

Wakati ule uvumi ulikwisha kutembea. Polisi wa Gretna, mji wa ng'ambo, walikuwa wamewafungia daraja watu waliokuja kwa miguu. Tarehe 4 Septemba, ku daraja la Danziger, polisi waliwapiga risasi raia Weusi wasio na silaha, wawili wakafa. Sisemi televisheni ilifyatua. Nasema polisi walifika pale wakiwa wamekwisha kuambiwa watakutana na nani.

Kwetu pia kamera zinakuja. Zinatafuta mtoto mwenye tumbo kubwa na mama anayelia. Mama anayeuza mawese, aliyejijengea nyumba ya matofali, hapigwi picha. Naomba kamati, kabla ya kukubali timu yoyote, iulize mambo mawili: maneno chini ya picha yataandikwa na nani, na je, mwenye picha atasomewa kwa lugha yake mbele hayajatumwa?