Bwami: cheo kisicho na askari

Walega wa Pangi, katika jimbo la Maniema nchini Kongo (DRC), hawakuwa na mfalme. Heshima ilitafutwa katika Bwami, chama cha ngazi tano kwa wanaume na tatu kwa wanawake. Ngazi ya juu kabisa ya wanaume ni kindi. Roma ya kale nayo ilikuwa na ngazi zake: mtu alianza kwa kutunza hazina, akapanda hadi ukonsuli, walikokaa wawili kwa mwaka mmoja tu. Lakini konsuli aliongoza majeshi. Kindi alipanda kwa kuungwa mkono na ukoo, kwa kulipa musanga, pesa za magamba ya konokono, kwa kujua methali na kwa tabia njema. Tena hakufika huko bila mke aliyepandishwa pamoja naye. Ukonsuli haukudai hilo.

Lukwakongo, kinyago kidogo cha mti cha Bwami chenye ndevu za nyuzi, hakikutengenezwa kwa kuvaliwa usoni tu: kilishikwa kiganjani, kikafungwa mkononi au kutundikwa kwenye ua.

Wabelgiji walipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Leo, kwa Katiba ya Kongo ya 2006, gavana wa Maniema huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka mitano. Haulizwi methali.