R32: Mabehewa ya New York yaliyowazika wadogo zao

Jumapili ya Januari 9, 2022, treni ya R32 ilichukua abiria kwa mara ya mwisho katika reli za chini ya ardhi za New York. Waliofika kuiaga walijazana hadi milangoni, na waliowahi waligombea sehemu moja tu: mbele kabisa, kwenye mlango wa kichwani wenye kioo, ambapo abiria husimama ubavuni mwa chumba cha dereva akaona reli, taa za ishara na nguzo za handaki zikimjia. Treni mpya hazina nafasi hiyo, kwa sababu chumba cha dereva kimechukua upana wote. Mabehewa ya R32 yalikuwa yamefikisha miaka 57 tangu yaanze kazi.

Sasa zamu imefika kwa R46, mabehewa ya miaka ya 1975 hadi 1978, yanayoondolewa kuipisha R211 iliyoanza kuchukua abiria Machi 2023. Hoja inayotolewa ni ile ile ya siku zote, kwamba yamezeeka. Nimeifuatilia historia ya R32 katika kitabu cha Gene Sansone, mhandisi aliyeyajua mabehewa ya jiji hilo kwa kazi yake ya kila siku, na katika taarifa za MTA, mamlaka inayoendesha treni hizo. Kadiri nilivyosoma, ndivyo hoja ya umri ilivyozidi kuninyima raha. Mengi ya mabehewa yaliyokufa New York hayakuuawa na miaka.

Treni za chini ya ardhi zilianza jijini humo Oktoba 27, 1904. Herufi R ikifuatiwa na namba hutambulisha mkataba wa ununuzi, kwa hiyo R38 ni mdogo wa R32, na R44 ni mdogo wa wote wawili. Kwa miongo mingi mabehewa yalijengwa kwa chuma cha kawaida, yakapakwa rangi ili kuzuia kutu, na rangi ilipobanduka kutu iliingia.

Kampuni ya Budd ya Philadelphia ilikuwa na dawa ya tatizo hilo tangu miaka ya 1930. Chuma cha pua hakishiki kutu kirahisi, lakini ukikichomelea kwa moto wa muda mrefu kinapoteza sifa hiyo palepale kwenye kiungo. Mafundi wa Budd waligundua namna ya kupitisha umeme mkali sana kwa sehemu ndogo ya sekunde, nukta baada ya nukta, vipande vikashikana kabla joto halijapata nafasi ya kukiharibu chuma. Kwa njia hiyo walijenga treni maarufu ya Zephyr mwaka 1934. New York ilionjeshwa mwaka 1949 kwa mabehewa kumi tu ya R11, ambayo kila moja liligharimu dola zipatazo 100,000, bei iliyowatisha wakubwa wa wakati huo.

Mwaka 1963 jiji liliagiza mabehewa 600 ya R32 kwa dola milioni 68 na ushei. Ubavu wake ulikuwa na mikunjo kama bati la paa, bila rangi isipokuwa milango, iliyokuwa ya buluu. Yalikwenda mawili mawili: moja lilibeba betri, la pili mashine ya kusindika hewa ya breki, wala hakuna lililoweza kufanya kazi bila mwenzake. Septemba 9, 1964 treni ya kwanza ilipelekwa katika stesheni ya Grand Central ikaonyeshwa kwa wageni rasmi, na kwa mng'ao wake ikapewa jina la Brightliner. Siku chache baadaye ilianza kuchukua abiria wa Brooklyn na Manhattan.

Baada ya hapo jiji halikurudi tena kwa Budd. Zabuni zilizofuata, za R38, R40, R42 na R44, zilikwenda kwa St. Louis Car. Kwa R38 chuma cha pua kilibaki nje tu, na mifupa ya ndani ikawa ya chuma cha kawaida. Fedha kidogo iliokolewa siku ya kutia saini. Mabehewa hayo yote manne yalikuja kustaafishwa kutoka njia kuu kabla ya kaka yao R32.

Miaka ya 1970 inajulikana. Jiji liliishiwa fedha, matengenezo yakaahirishwa, michoro ya rangi ikafunika mabehewa ndani na nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 behewa la New York lilikwenda kwa wastani chini ya maili 7,000 kabla ya kupata hitilafu. Hata vitu vipya vilishindwa: fremu za magurudumu za R46, zilizotengenezwa na Rockwell, zilianza kupata nyufa mwaka 1977 zikiwa bado changa, jiji likaenda mahakamani, na fremu zote zikalazimika kubadilishwa. Mtu anayedhani kwamba upya ni kinga na aisome habari hiyo mara mbili.

Aliyegeuza mambo ni David Gunn, aliyeshika uongozi wa shirika la treni za jiji mwaka 1984. Alisisitiza jambo ambalo kila fundi wa gari analijua, lakini wenye fungu la fedha hulisahau: kipuri hubadilishwa kwa ratiba, kabla hakijafa, siyo baada ya kuwaacha abiria gizani. Mei 1989 behewa la mwisho lenye michoro liliondolewa njiani. Kati ya 1988 na 1990 karibu R32 zote zilizokuwa hai zilipelekwa Hornell, magharibi mwa jimbo la New York, zikavuliwa mpaka mifupa, zikafungwa viyoyozi na mifumo mipya. Chini ya mabati ya mikunjo mafundi walikuta umbo la Budd bado zima. Bila matengenezo hayo R32 isingefika karne ya 21, na ndiyo maana sikubali anapotajwa mtengenezaji peke yake.

Sura ya baharini ndiyo iliyonishika kuliko zote.

Agosti 2001 jimbo la Delaware lilipokea shehena ya mabehewa ya New York na kuyazamisha katika Atlantiki, maili zipatazo 16 kutoka ufukweni, kwenye kina cha futi 80. Hayo yalikuwa ndugu wakubwa, yale mekundu ya chuma cha kawaida yaliyoitwa Redbird. Yaling'olewa magurudumu, milango, madirisha na viti, yakasafishwa mafuta, yakapakiwa kwenye tishari, na mashine ikayasukuma moja moja majini. Sehemu hiyo ya Atlantiki ina sakafu ya mchanga mtupu, samaki hawana pa kujificha. Behewa tupu lenye matundu ya milango na madirisha likawa jumba. Kome waliganda kwenye kuta, wadudu wa baharini wakafuata, samaki wakafuata wadudu, na wavuvi wakafuata samaki. Jeff Tinsman, aliyesimamia matumbawe bandia ya Delaware, akawa mtu wa kutafutwa na magazeti kwa ajili ya mabehewa yaliyokufa.

Ugomvi haukukosekana. Wanaharakati wa American Littoral Society walipinga kwa sababu mabehewa yale yalikuwa na asbesto katika kuta na sakafu, na waliona bahari inageuzwa jaa la jiji tajiri lisilotaka kulipia taka zake. Wenye mradi walijibu kwamba asbesto ile imebanwa ndani ya vifaa vingine na kwamba hatari yake ni inapopeperuka hewani ikavutwa, siyo ikiwa chini ya maji. Mamlaka ziliwakubalia. Majimbo mengine, Virginia, South Carolina, Georgia, yakaomba mgao, na hatimaye majimbo jirani yakaanza kugombania mabehewa kwa wivu wa wazi: aliyeyapata alipata wavuvi wa burudani, na wavuvi hao huja na fedha za hoteli na mafuta ya boti.

Kisha mwaka 2008 ukafika mkupuo wa mabehewa ya chuma cha pua, R32 zikiwa miongoni mwake. Kila mtu alitarajia makubwa. Ikiwa chuma cha kawaida kimesimama chini ya maji, hiki kisichoshika kutu kitaishi milele. New Jersey ilizamisha mabehewa 48 mbele ya Atlantic City. Wapiga mbizi walipoteremka miezi michache baadaye walikuta karibu yote yameanguka, mabati yametawanyika sakafuni. New Jersey ikasimamisha mpango kwake, na mwaka 2010 New York yenyewe ikaachana na kuzamisha mabehewa.

Chuma hakikuwa na kosa. Behewa la Budd lilipata nguvu zake kwa kugawana mzigo: mabati membamba, maelfu ya nukta za kuchomelea, kila kipande kikimshikilia jirani yake. Mpango huo ulilifanya liwe jepesi na imara kwenye reli, mzigo ukitoka juu na mshtuko ukitoka chini. Hakuna aliyelisanifu ili lipigwe ubavuni na mawimbi usiku na mchana, milango na madirisha yakiwa yameng'olewa. Waliolizamisha walisoma jina la chuma tu.

Wakati R32 zaidi ya 300 zikiwa zimeondoka kwa njia hiyo, zilizobaki, zaidi kidogo ya 200, zilikuwa zinasubiri zamu yao. Hazikuipata. Mwaka 2009 wakaguzi waligundua kutu mbaya katika mifupa ya R44, mabehewa ya 1971 hadi 1973, chini ya mapambo ambako jicho halikufika. Mwaka 2010 R44 ziliondolewa njia kuu kwa haraka, na R32, zenye umri mkubwa kwa miaka saba au zaidi, zikaambiwa zibaki kazini.

Nyingi zilipelekwa kwenye njia ya C. Njia hiyo yote iko chini ya ardhi, joto la handaki halina pa kutokea, na viyoyozi vilivyofungwa Hornell vikaanza kuzidiwa. Wakuu wakaamua kwamba wakati wa kiangazi baadhi ya R32 zihamishiwe njia nyingine zinazopita juu, kama ile ya J, zipate kupumua. Nauona uamuzi huo kuwa wa heshima kuliko ripoti nyingi zilizoandikwa juu ya mabehewa haya, maana aliyeuchukua alilifahamu behewa lake.

Takwimu hata hivyo zilikuwa mbaya, nami sitazificha. Katikati ya muongo uliopita R32 ilikwenda takribani maili 33,000 kati ya hitilafu moja na nyingine, wakati R160 mpya zilivuka maili 400,000. Juni 2017 treni ya njia ya A iliacha reli Harlem na siku mbili baadaye Gavana Andrew Cuomo akatangaza hali ya dharura. Picha za mabehewa makongwe zilijaa magazetini. Treni ile iliacha reli kwa sababu ya kipande cha reli kilichoachwa njiani bila kufungwa vizuri, lakini ni rahisi zaidi kupiga picha behewa kuukuu kuliko kupiga picha uzembe.

Warithi walikuwa wapi? R179, mabehewa 300, yaliagizwa kwa Bombardier mwaka 2012 kwa dola milioni 599. Mabehewa ya kwanza yalipata kasoro za kuchomelea. Ndiyo, kuchomelea, kazi ambayo Budd iliimudu tangu miaka ya 1930. Ratiba ikateleza kwa miaka, na Bombardier ikakubali kuongeza mabehewa 18 kuwa fidia. Januari 2020, yalipokuwa yamefika karibu yote, yaliondolewa njiani kwa hofu ya milango kufunguka, na R32 zikaitwa tena. Juni mwaka huo mawili yakaachana treni ikiwa kwenye mwendo, R179 zikasimamishwa mara ya pili, na katika kiangazi hicho wazee wakarudi tena kubeba watu.

Huku kwetu mjadala kama huu haujaisha. Mwaka 2020 Kenya ilipoleta treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika kisiwani Mallorca, Hispania, kwa ajili ya abiria wa Nairobi, gumzo lote lilikuwa juu ya mtumba: zina miaka mingapi, zimetembea kiasi gani. Tanzania nayo ilisikia maswali ya aina hiyo kuhusu mabehewa ya ghorofa yaliyokarabatiwa kutoka Ujerumani kwa ajili ya SGR. Maswali hayo ni halali. Lakini sikumbuki kusikia kwa sauti kubwa hivyo swali la pili: nani ana daftari la matengenezo, vipuri vitatoka wapi mwaka wa kumi, na karakana ina mafundi wangapi waliofundishwa kuyafungua na kuyafunga?

Budd iliacha kujenga mabehewa ya reli mwaka 1987, St. Louis Car ilikuwa imeshafunga muda mrefu kabla. Baadhi ya R32 zimehifadhiwa na Makumbusho ya Usafiri ya New York. MTA sasa inapanga kununua mabehewa 1,500 katika mpango wake wa miaka 2025 hadi 2029, na watakaofuata kung'oka ni R62, mabehewa ya chuma cha pua yaliyojengwa Japani na Kawasaki na kuanza kazi mwaka 1983. Kabla hazijahukumiwa kwa tarehe ya kuzaliwa, mtu na aingie karakana na tochi, ainue paneli za sakafu, akague mifupa behewa kwa behewa, na matokeo yachapishwe hadharani pamoja na bei ya zabuni.