Maganda ya Mizinga na Mabega ya Wapagazi

Msomaji wangu, ukibahatika kuona chombo cha maua cha shaba ya manjano kilichotiwa nakshi za majani, kigeuze ukitazame kitakoni. Ukikuta mhuri wa kiwanda na mwaka, kama vile 1915, yaelekea chombo hicho kilikuwa ganda la mzinga.

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, mzinga ulipolia, kombora lilikwenda zake na ganda likabaki. Askari na mafundi waliyaokota maganda hayo, wakayapasha moto ili shaba ilainike, wakayajaza lami yasibonyee, kisha wakayachora kwa patasi. Leo wako watu wengi wanaoyakusanya.

Huku Afrika ya Mashariki ganda lilipata kazi nyingine. Manowari za Waingereza zilizuia meli kufika koloni la Wajerumani, na sarafu zikaadimika. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zikapigwa sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba ya maganda. Zina herufi T, yaani Tabora.

Lakini shaba haina miguu. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo; kwa hiyo risasi na chakula vilichukuliwa na binadamu. Hapo ndipo habari hii inapofika Jilore, karibu na Mto Sabaki. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wasiwatoe vijana wao kuwafanyia kazi Waingereza. Agosti 1914 serikali iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Wagiriama waliposhindwa, walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kuhama upande wa kaskazini wa Sabaki, na tena wakadaiwa wapagazi.

Yakadiriwa kuwa wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi. Hawakuacha vyombo vya nakshi. Jina la kikosi chao ndilo lililobaki, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Kwa hiyo, kijana, ukiokota ganda tupu, soma mhuri wake, kisha uulize ni nani aliyelibeba. Nenda kwa wazee, uandike majina wanayoyakumbuka kabla hayajapotea. Lakini ukikuta ganda ambalo bado lina kombora lake, usiliguse kamwe, waite polisi.