Zamu ya Samaki: Misimu ya Uvuvi Chini ya Milima ya Upare

Kandokando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, magharibi ya Milima ya Upare, mtu akisema bwawa limefunguliwa, hasemi habari za lango la maji. Anasema marufuku ya uvuvi imekwisha, mitumbwi ishuke, na perege atarudi sokoni. Mwaka 2016 serikali ililifunga bwawa hilo kwa mwaka mzima ili samaki wazaliane. Kwa nyumba inayokula kwa wavu, mwaka huo ulikuwa mrefu. Hata hivyo, wazo la kuyaacha maji yapumzike lina mizizi mirefu katika nchi hii.

Waingereza walikuja Afrika Mashariki na msimu wao. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Trauti hataki maji ya vuguvugu. Anataka mto wa baridi unaokimbia juu ya mawe. Ndiyo maana baadaye alipelekwa pia katika vijito vya Kilimanjaro na Usambara. Huko Uingereza mto hufungwa kipindi cha baridi, samaki anapotaga, na siku ya kuufungua husubiriwa kwa hamu kubwa. Desturi hiyo ilikuwa na hekima ndani yake. Ila hapa kwetu ilimlinda samaki wa mgeni kwa ajili ya starehe ya mgeni, na mwenyeji wa bondeni hakupata fungu lake.

Wapare walikwisha kuwa na hekima yao. Katika miteremko ya Same, maji ya vijito yaliongozwa kwa mifereji hadi kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku ndiva hufungwa ijae. Asubuhi hufunguliwa, na maji huenda shamba kwa shamba kwa zamu. Tope likizidi, watu huitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, walizoe. Ndiva ya Manoo, inayomwagilia mashamba ya Bangalala, ni mojawapo ya zile zinazojulikana sana. Anayefunga ndiva ndiye huyohuyo atakayeyahitaji maji yake kesho, na hapo ndipo amri ya kuifunga inapopata nguvu.

Samaki walikuwa chini zaidi, tambarare. Ziwa Jipe hupokea maji ya mto Lumi kutoka Kilimanjaro na ya vijito vya Upare Kaskazini, kisha huyatoa kwa mto Ruvu. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe aliwaeleza kisayansi perege wa maji haya, na mmoja akapewa jina la ziwa lenyewe: Oreochromis jipe. Leo samaki huyo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Katikati ya miaka ya 1960 ukuta wa Nyumba ya Mungu ulijengwa chini ya makutano ya mito ya Ruvu na Kikuletwa. Shabaha ilikuwa kudhibiti maji ya mto Pangani na kuzalisha umeme, megawati 8. Samaki walikuja kama baraka ya ziada. Nyasi na miti iliyozama ilioza, maji yakarutubika, perege wakaongezeka kupita kiasi, wakiwemo wale wenye asili ya Ziwa Viktoria. Wavuvi walimiminika kutoka mbali, vijiji vikaota ufukweni, na samaki wa kukaushwa wakasafirishwa kwa magunia. Mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 25,000. Miaka michache tu baadaye mavuno hayakufikia hata robo ya kiasi hicho. Rutuba ya mwanzo ilikuwa imekwisha, nyavu zilikuwa nyingi, na macho yake yakazidi kuwa madogo. Perege akawa anaingia chunguni kabla hajazaa.

Tangu hapo, historia ya bwawa hili imekuwa ya kutafuta zamu iliyopotea. Kokoro linalokokota hadi vifaranga limepigwa vita, vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo vimeundwa, na mwisho bwawa lenyewe likafungwa. Kufunga kuna faida: perege jike huatamia mayai kinywani mwake, na akiachwa msimu mmoja hulea kizazi kizima. Lakini mvuvi asiye na shamba wala mifugo hali marufuku. Akiona amri imetoka ofisini na yeye hakuulizwa, atashuka majini usiku.

Ndiyo sababu naamini somo la Nyumba ya Mungu liko juu mlimani, kwenye ndiva. Pale, kabla maji hayajafungwa, kila mtu anaijua zamu yake ya kesho. Mvuvi wa Lang'ata na Kagongo naye anastahili kuijua yake.