Panzer, Deraya na Kifaru: Neno la Vita Ambalo Kiswahili Hakikulikopa

Mtu akitoka Magomeni kwa Barabara ya Morogoro na kuvuka bonde la Msimbazi, baada ya mwendo mfupi hufika Kariakoo, eneo ambalo jina lake ni utohozi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliotangulia kututawala walituachia shule na hela, lakini Panzer hawakutuachia. Makala haya yanachunguza sababu yake, na yanahoji mazoea ya kulifasiri neno hilo kuwa “kifaru” kila linapotokea.

Panzer lenyewe ni la mkopo. Liliingia katika Kijerumani cha enzi za kati kwa umbo la panzier, kutoka Kifaransa cha Kale, pancier, lililotokana na pance, yaani tumbo. Asili ya mbali ni Kilatini, pantex. Kwa hiyo, maana ya awali ni vazi la chuma la kukinga tumbo na kiwiliwili. Baadaye neno lilihamia kwenye meli za vita, kisha magari. Hata gamba la kobe Wajerumani huliita Panzer.

Sababu ya kutokopwa imo katika tarehe. Waingereza walitumia vifaru vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers-Courcelette, Ufaransa. Mwezi huohuo walikuwa wameiteka Dar es Salaam. Wajerumani wakati huo waliviita Tank au Kampfwagen. Panzer kwa maana ya kifaru lilienea katika miaka ya 1930, kama mkato wa Panzerkampfwagen. Neno lilipopata maana hiyo, wenyewe walikwisha kuondoka.

Hata wangekuwapo, pengo lisingekuwa kubwa. Kiswahili kilikuwa na deraya, neno linalohusishwa na Kiarabu, dirʿ, vazi la chuma la vitani. Nalo limepita njia ileile: kutoka mwilini hadi kwenye “gari la deraya”. Panzerschiff, basi, ni meli ya deraya. Mwanafunzi anayeandika “meli ya kifaru” (nimesahihisha kosa hilo zaidi ya mara moja) amefasiri kamusi, hakufasiri matini.

Kifaru kina historia nyingine kabisa. Wajerumani walikitaja chombo kwa kinga yake. Waswahili walikitaja kwa mnyama, ngozi nene na shambulio la moja kwa moja. Sarufi nayo ikatenganisha maana hizo mbili: mnyama ni “kifaru mmoja amekufa”, chombo ni “kifaru kimoja kimeharibika”. Nchini Tanzania utengano umezidi, kwani wahifadhi na magazeti humwita mnyama “faru”, kama Faru Fausta wa Ngorongoro aliyekufa mwaka 2019. Katika masimulizi ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, msikilizaji akisikia “vifaru” hafikirii mbuga.