Kitochi na Nasaba Yake

Barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Kisaki hupita Bigwa na Kiroka, ikiizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, na kabla ya kufika Matombo huingia Mkuyuni. Hapo matunda, yaani ndizi, mafenesi na machungwa, hushuka kutoka milimani juu ya vichwa vya watu na juu ya pikipiki, kungoja magari ya mjini. Mwuza matunda wa mahali kama hapo hawezi tena kuendesha kazi yake pasipo simu. Bei ya mjini huiuliza kwa simu, gari huliita kwa simu, na malipo huyapokea kwa simu.

Siku moja nilikaa katika kibanda cha fundi simu mahali hapo. Alikuja bibi mmoja, mwuza ndizi, na simu janja aliyopewa na mwanawe miaka kadhaa iliyopita. Kioo chake kilikuwa kizima na betri yake ilishika chaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu hii imekuwa nzito. Nikiigusa asubuhi, hunijibu adhuhuri."

Fundi aliigeuza, akaiwasha, akangoja kitambo, kisha akasema, "Simu yako si mbovu, bibi. Imezeeshwa."

Alitaka kuiflashi, yaani kuufuta mfumo uliomo na kuupakia wa zamani ulio mwepesi, ule simu iliokuja nao ilipokuwa mpya. Simu ilikataa. Aliyeiunda aliifunga kwa namna ambayo haipokei ila kile chenye sahihi yake, na sahihi hiyo haitolewi tena. Fundi akamshauri bibi anunue kitochi. "Na hii niitupe?" akauliza bibi. Fundi hakumjibu.

Neno lile, imezeeshwa, ndilo lililonifanya niandike haya. Yafaa tujue kwanza ni nini kilichozeeka. Mfumo endeshi ni programu iamkayo simu iwashwapo. Ndiyo igawayo kumbukumbu, iangaliayo betri, na kuzipa programu nyingine zamu zao. Simu yenye kumbukumbu ndogo ikipewa mfumo mkubwa huwa kama mtumbwi ulioongezwa gunia moja zaidi: hauzami, lakini hauendi. Chombo hakikubadilika hata kidogo. Mzigo ndio uliobadilika.

Dhana ya kwamba mwenye chombo aweza kuchagua mfumo wa kukiendesha ina historia yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi ambacho yeyote aweza kukisoma, kukibadili na kukigawa. Leseni yake haikuruhusu tu. Ilimlazimisha mwenye kukibadili na kukigawa ayatoe pia mabadiliko yake. Kwa sharti hilo jepesi kazi ya mtu mmoja imekuwa mali ya umma usiohesabika, hata leo kiini hicho kimo ndani ya simu zote za Android, pamoja na ile ya bibi wa Mkuyuni.

Kampuni ya Openmoko ilijaribu mwaka 2007 na 2008 kuunda simu iliyo huru tangu ndani hata nje. Neo FreeRunner, ya mwaka 2008, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 128 tu, nayo haikufanikiwa sokoni. Mwaka uliofuata kampuni iliacha kazi ya simu. Ajabu ni kwamba wenye simu hizo waliendelea kuzipakia mifumo ya kila namna, Debian mojawapo, muda mrefu baada ya mwundaji kukata tamaa. Nokia N900 ya mwaka 2009 ilipata bahati ya namna hiyo hiyo: Nokia iliuacha mfumo wake wa Maemo, lakini watu wa kujitolea waliufufua kwa jina la Maemo Leste. Hapa ndipo ilipoonekana mara ya kwanza ya kuwa uhai wa simu na uhai wa kampuni iliyoiunda ni mambo mawili mbalimbali.

Habari itugusayo zaidi sisi wa Afrika ya Mashariki ni ile ya Firefox OS. Shirika la Mozilla liliitangaza kazi hiyo mwaka 2011, na simu za kwanza ziliuzwa Hispania mwaka 2013. Shabaha yake ilikuwa mtu asiyeweza kununua simu ya bei kubwa. Mwaka 2014 iliuzwa India simu ya Intex Cloud FX, yenye megabaiti 128 zile zile za Neo, kwa rupia 1,999. Na mwaka 2015 Orange ilitangaza Klif kwa masoko ya Afrika na Mashariki ya Kati, kwa bei ya chini ya dola 40. Nasema kwa haki ya kwamba simu hizo nyingi zilikuwa hafifu. Mchunguzi aliyezoea simu ya dola mia sita alizicheka. Lakini hakuulizwa yule ambaye hakuwa na simu yoyote. Desemba 2015 Mozilla ilitangaza kuacha kuziuza, na mwaka uliofuata ikaiacha kazi yenyewe.

Kama programu hiyo ingalikuwa siri ya kampuni, ingalizikwa hapo. Kwa kuwa ilikuwa huria, kampuni ya KaiOS iliichukua ikaikata iingie katika simu ya vitufe yenye kumbukumbu ya megabaiti 256. Mwaka 2017 JioPhone iliieneza India kwa mamilioni, na mwaka 2019 mfumo huo uliingia Tanzania ndani ya simu ambayo kampuni ya Tigo, iitwayo Yas tangu mwishoni mwa 2024, iliipa jina la mahali petu: Kitochi. Kitochi, kwa asiyejua, ni jina walilokwisha kulitoa watu kwa simu ndogo yenye taa.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba ya milimani aghalabu hufuata njia hiyo. Tukiihesabu nasaba ya kitochi hicho kwa desturi yao, bibi yake ni Linux na mama yake ni Firefox OS. Lakini mtoto huyu hakurithi shamba lote. Sura ya Firefox OS, ile ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, ilitolewa kwa leseni ya Apache, ambayo humruhusu mchukuaji kuyafunga aliyoyaongeza. Nayo KaiOS iliyafunga. Wepesi ulirithiwa, bali uhuru ulibaki nusu njiani.

Hasara ya jambo hilo haikukawia kuonekana. Moyo wa KaiOS 2.5, ndio ufunguao kurasa za intaneti, ni ule wa Firefox 48 wa mwaka 2016, na kurasa za intaneti hazikusimama kuungoja. Mwaka 2019 WhatsApp ilipatikana kwa simu za KaiOS kwa jumla, na watu wengi walizinunua kwa sababu hiyo. Juni 2024 iliacha kupokea watumiaji wapya wa mfumo huo, na mapema mwaka 2025 ikaacha kuhudumia hata wa zamani. Vitufe havikung'oka. Sitaki kudai ya kuwa kila kilicho cha zamani chafaa kuendelea kutumika, maana mfumo usiozibwa nyufa zake ni mlango wazi kwa wezi, na wenye kuhubiri wepesi wa mifumo ya kale hulisahau hilo upesi mno. Ila mfumo huria waweza kuzibwa na yeyote mwenye ujuzi, na uliofungwa hungoja hiari ya mmoja.

Kuna kitu kimoja katika simu ya Mkuyuni ambacho kimeishinda mingi ya mifumo hii kwa umri. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, mtu hubofya *150*00# na fedha yake hufika. Njia hiyo haidai simu janja, wala intaneti, wala mfumo wa mwaka huu. Kazi yote hufanywa kwenye mitambo ya kampuni, na simu huonyesha maneno tu. Bibi yule angeweza kupokea malipo ya ndizi kwa simu iliyoundwa kabla M-Pesa haijazaliwa.

Wala hatukukosa watu wetu katika historia hii. Wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walianzisha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili. Hawakuomba idhini ya mtu. Leseni ilikwisha kuwapa. Kwa hiyo kumwambia kijana wa Morogoro ya kwamba aweza kuushika mfumo wa simu akaurekebisha si ndoto ya kigeni.

Mahali pa kushikia pamekuwapo tangu mwaka 2017, ulipoanza mradi wa postmarketOS, ambao hutaka simu itumike miaka kumi kwa mfumo mdogo wa Linux uitwao Alpine. PinePhone, ambayo ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2020, iliundwa bila kufuli na betri yake hutoka kwa ukucha; lakini sikuona hata moja Morogoro. Kwa simu nyingine kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu programu za kuendesha kamera na redio ya simu ni siri za waundaji, na mara nyingi simu iliyofufuliwa huamka bila sauti au bila kamera.

Nilimweleza fundi habari hizo jioni ile. Aliniomba nimwonyeshe orodha ya simu zilizokubali, tukaisoma pamoja kwenye simu yangu, mtandao ukija na kukatika. Zilikuwamo nyingi, ila ya bibi haikuwamo. Yeye alikwisha kuondoka na kitochi kipya mkononi, na simu yake ya zamani alikuwa ameifunga katika ncha ya kanga.